Namna ya Kuondoa Maji Yaliyonaswa Chini ya Sitaha ya Boti Kuukuu

Mwenye boti kuukuu katika ufuko wa Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mara nyingi hutambua kwamba chombo chake kimebeba maji yaliyojificha pale tu injini ileile, ikiwa na mzigo uleule, inapoanza kushindwa kukifikisha kijiji cha Lupingu kwa kiasi kilekile cha mafuta. Dalili nyingine zilikuwapo tangu mapema: mstari wa rangi uliokuwa juu ya maji umezama vidole viwili, tezi (upande wa nyuma) imelala zaidi kuliko omo (upande wa mbele), na abiria anapovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine chombo hukawia kusimama wima. Dalili hiyo ya mwisho haifai kupuuzwa hata siku moja. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, kwa hiyo lita 200 zilizokaa chini ya sitaha, yaani sakafu ya juu ya chombo, ni sawa na kubeba watu watatu wazima wasioonekana, tena watu wasiotulia, maana maji yaliyo huru hukimbilia upande ambao chombo kimeinamia na kukizidishia kuinama wakati kinapohitaji kuinuka. Kwa anayesafiri kando ya Milima ya Livingstone, ambako upepo huweza kushuka ghafla na kuchafua ziwa kabla hujafika ghuba ya kujisitiri, tofauti hiyo ni ya uhai.

Nitaeleza hasa boti za faiba zenye sitaha iliyojengwa kwa matabaka matatu, yaani ganda la faiba juu, plaiwudi au mbao nyepesi katikati, na ganda jingine la faiba chini. Boti za namna hii hununuliwa zikiwa zimeshatumika kwa miaka mingi, na nyingi hufika kwetu zikiwa na ugonjwa huu tayari. Boti za mbao tupu nitazigusa kwa ufupi.

Jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba maji ya Ziwa Nyasa hayana chumvi, na maji ya mvua ndiyo kabisa. Watu hudhani kwamba chombo cha ziwani hudumu kuliko cha baharini kwa sababu chuma chake hakiliwi na kutu haraka, na kwa upande wa chuma hilo ni kweli. Kwa upande wa mbao mambo ni kinyume. Kuvu wanaoozesha mbao huchukia chumvi, lakini hustawi katika mbao yenye unyevu unaozidi takriban asilimia 20, iliyofungiwa mahali penye joto pasipo na hewa inayozunguka. Bonde la Kyela, lililo chini ya Mlima Rungwe na kupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka katika sehemu zake nyingi, linawapa kuvu hao kila wanachohitaji. Ndiyo sababu maji yanayoingia kwa juu, tone kwa tone, huharibu boti kuliko wimbi linaloingia mara moja na maji yake kufuliwa, yaani kutolewa nje, siku hiyohiyo.

Kabla ya kushika kifaa chochote, bainisha maji yako wapi na yanatoka wapi. Boti ikiwa na maji chini ya sitaha, yatakuwa katika mojawapo ya sehemu tatu: yamelala huru katika ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, yamenyonywa na povu gumu lililowekwa kusaidia chombo kuelea, au yamejipenyeza ndani ya kiini cha sitaha yenyewe kati ya maganda mawili ya faiba. Mara nyingi yako kote kutatu, lakini kila sehemu ina tiba yake.

Chanzo huweza kutambuliwa kwa njia rahisi inayohitaji subira tu. Vuta boti nchi kavu, fua maji yote, kausha ngama kwa matambara, kisha uiache bila kuifunika hadi inyeshewe mara moja au mbili. Maji yakionekana tena, yametoka juu. Ngama ikibaki kavu, funika sitaha vizuri, irudishe boti majini na uilaze hapo usiku kucha. Maji yakipatikana asubuhi, tatizo liko kwenye mwili wa chombo, na hilo hushughulikiwa kwanza kabla ya sitaha. Nimeona watu wakifumua sitaha nzima ilhali maji yalikuwa yakipita kwenye kizibo cha tezi ambacho mpira wake ulikuwa umechakaa.

Ikithibitika kwamba maji yanatoka juu, tafuta tundu lenyewe. Chora mistari ya chaki upande wa ndani, chini ya kila kifaa kilichofungwa kwenye sitaha: vishikizo vya kamba, vyuma vya pembeni, kingo za mifuniko, na maungio ya sitaha na ubavu. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje taratibu kwa mpira au kwa kopo, akianzia sehemu ya chini kabisa na kupanda juu, akikaa dakika kumi hadi kumi na tano mahali pamoja. Ukianzia juu, maji yatateremka na kupita kwenye matundu yote, nawe hutajua lipi ndilo lenye kosa. Pale chaki inapolowa na kuyeyuka ndipo pa kuwekea alama. Kumbuka pia kwamba maji husafiri. Yanaweza kuingia kwa skrubu iliyo omo na kudondoka karibu na injini.

Baada ya hapo chunguza kiini. Tembea juu ya sitaha bila viatu, ukisikiliza kwa nyayo, kisha gonga kila shubiri kwa mpini wa bisibisi. Sehemu nzima hutoa mlio mkali na wa wazi, sehemu iliyooza hutoa mlio mfu kama wa kugonga mkoba uliojaa nguo. Zungushia chaki sehemu zote zenye mlio mfu. Ili kuthibitisha, toboa kwa drili yenye ncha ya milimita 5 kutoka upande wa ndani, ukiizuia ncha isifike ganda la juu, na utazame unga wa mbao unaotoka. Unga mkavu na mweupe ni habari njema. Unga mweusi unaoshikamana, au maji ya rangi ya chai yanayodondoka, ni jibu kamili.

Kuyatoa maji yaliyo huru ni kazi ya nusu siku. Inua omo kwa magogo ili maji yaelekee tezi, ondoa kizibo, kisha usafishe matundu madogo yaliyoachwa chini ya mataruma, yaani mbavu za chombo, ili maji yapite kutoka chumba kimoja hadi kingine. Matundu haya huzibwa na magamba ya samaki, mchanga na vipande vya nyavu, na wakati mwingine kuyazibua kwa waya kunatosha kumaliza tatizo zima. Iwapo kuna chumba kilichofungwa kwa miaka, kifungue na ukiache kipate hewa kwa saa kadhaa kabla mtu hajaingiza kichwa, kwa sababu mbao inayooza na chuma kinachopata kutu hula hewa safi, na mtu anaweza kupoteza fahamu bila kusikia harufu yoyote. Usitumie pampu ya umeme yenye waya uliochubuka. Ndoo na kata hazijawahi kumpiga mtu shoti.

Povu gumu likishalowa, sishauri kulikausha. Kata kipande, ukikamue. Kikitoa maji, toa povu lote lililolowa na uweke jipya, au weka madumu matupu ya plastiki yaliyofungwa kwa nguvu na kukazwa yasicheze.

Kiini cha sitaha ndicho chenye kazi kubwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi wa ufukweni. Desturi iliyoenea ni kutoboa matundu mengi juu ya sehemu iliyolegea, kuiacha juani siku mbili tatu, kisha kumimina resini, yaani gundi ya majimaji inayoganda na kuwa ngumu, mpaka matundu yajae. Nilifanyiwa hivyo kwenye boti yangu ya kwanza, tena katikati ya masika, na kwa miezi michache sitaha ilikuwa ngumu kama sakafu. Kisha ililegea tena, safari hii katika eneo kubwa maradufu. Resini haishiki mbao yenye maji. Inajaza tundu na kuizungushia mbao mbichi ukuta, hivyo unyevu uliobaki unakosa pa kutokea. Njia hiyo inaweza kufaa sehemu ndogo isiyozidi kiganja, iliyokaushwa hadi unga wa drili utoke mweupe. Zaidi ya hapo, fungua.

Chagua wakati. Kyela hupata mvua kubwa zaidi kati ya Machi na Mei, kwa hiyo kazi ya kufungua sitaha ianze Agosti na iishe kabla ya mwisho wa Oktoba, boti ikiwa chini ya kibanda cha turubai kilichoinuliwa ili upepo upite. Kata ganda la juu kwa grenda, ukiruhusu diski kuzama kwa unene wa faiba tu, ambao kwa boti ndogo huwa kama milimita 3 au 4, na ubakize ukingo wa angalau sentimita 5 kutoka kwenye ubavu na kwenye mifuniko ili upate pa kuungia. Vaa barakoa, miwani na nguo za mikono mirefu, maana vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Bandua ganda kwa uangalifu na ulitunze, kwani litarudi mahali pake. Kisha chokoa kiini kilichooza kwa patasi, ukiendelea sentimita 5 hadi 10 ndani ya mbao inayoonekana nzima, kwa sababu kuvu hutangulia mbele ya weusi unaoonekana.

Acha ganda la chini likauke kabisa. Jaribio zuri ni kubandika kipande cha nailoni kwa utepe kuzunguka pande zote na kukiacha usiku mzima. Asubuhi kukiwa na ukungu wa maji ndani yake, subiri zaidi.

Plaiwudi mpya inahitaji macho makali. Nyanda zetu za juu zimebahatika kuwa na viwanda vya plaiwudi Mafinga, karibu na msitu wa Sao Hill, na bidhaa hiyo hupatikana Mbeya bila shida. Hata hivyo, plaiwudi nyingi hutengenezwa kwa ajili ya dari, samani na kazi za zege, na gundi yake haikukusudiwa kukaa chomboni. Omba kipande cha taka, kichemshe ndani ya sufuria kwa saa nne, kikaushe, kisha ukichemshe tena. Matabaka yakiachana, usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Ile inayovumilia, ikate vipande vinavyolingana na nafasi, na uipake resini pande zote pamoja na kingo kabla ya kuilaza. Mahali patakapofungwa vishikizo vya kamba, weka kipande cha mninga au mvule badala ya plaiwudi, maana bolti inayokazwa hukandamiza mbao laini.

Laza kiini kipya juu ya resini ya epoksi iliyofanywa nzito kwa unga wake, kikandamize kwa mifuko ya mchanga, na uhakikishe resini inatokeza pembeni kote, kwani nafasi tupu ya leo ndiyo dimbwi la kesho. Ganda la juu likisharudishwa, saga kingo za maungio kwa mteremko wa takriban milimita 12 kwa kila milimita 1 ya unene. Ganda la milimita 4 linahitaji mteremko wa karibu sentimita 5 kila upande. Juu yake weka vitambaa vya faiba, kuanzia chembamba hadi kipana. Epoksi ni ghali kuliko resini ya poliesta, lakini hushika faiba ya zamani vizuri zaidi, na kwa kazi hii naiona ina thamani ya kila shilingi. Anayelazimika kutumia poliesta awe mwangalifu na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, ambayo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, na kamwe asiichanganye moja kwa moja na kichapuzi, yaani dawa ya kuharakisha ugandaji, maana mchanganyiko huo huweza kulipuka. Katika joto la Kyela resini hukauka upesi, hivyo changanya kidogo kidogo asubuhi mapema.

Kazi haijaisha mpaka matundu ya vifaa yamezibwa inavyostahili, na hapa ndipo maji yalipoingilia tangu mwanzo. Kila tundu la bolti lipanuliwe kwanza, lijazwe epoksi nzito, likauke, kisha litobolewe upya kwa kipimo chake katikati ya epoksi hiyo. Kwa namna hiyo hata gundi ya kuzibia ikichoka, maji yatakuta epoksi na si mbao. Tumia gundi inayobaki na mnyumbuko, weka washa pana kwa chini, na usikaze bolti kupita kiasi hata gundi yote ikakamuliwa nje.

Kwa boti ya mbao, mantiki ni ileile: maungio ya sitaha yatolewe kalafati ya zamani, yaani pamba ya kuzibia nyufa, yakaushwe, yakalafatiwe upya kwa pamba, na ubao uliooza ubadilishwe badala ya kupakwa rangi juu yake.

Mwisho, kipe chombo hewa. Acha nafasi mbili za kupitisha upepo chini ya sitaha, moja omo na nyingine tezi, na siku za jua ambazo boti imepumzika, fungua mifuniko. Turubai lisilazwe juu ya sitaha. Litandikwe juu ya mti uliopita katikati, liteleze pande zote mbili bila kugusa mbao. Mvua za kwanza zikianza, chora tena mistari ya chaki chini ya kila bolti, na asubuhi inayofuata ingia na tochi uitazame mmoja baada ya mwingine.