Taa na swichi janja: hamisha kabla seva haijafungwa

Kama seva ya kampuni inayoendesha taa, swichi na soketi zako imetangaziwa kufungwa, usifute programu ya zamani kwanza. Piga picha ratiba zote na majina ya vifaa. Vifaa vya Wi-Fi vya Tuya (kampuni ya mfumo unaotumiwa na vifaa janja vya chapa nyingi) vitolee ufunguo wake wa ndani (local key, msimbo wa siri wa kukiendesha kifaa ndani ya nyumba bila seva) wakati akaunti bado hai, kisha usiviunganishe upya: ukiviunganisha, ufunguo hubadilika.

Vya Zigbee, yaani vinavyowasiliana kwa mawimbi ya masafa mafupi badala ya Wi-Fi, havihitaji intaneti. Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) yenye Home Assistant (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) pamoja na dongo ya Zigbee (dongle, kifaa kidogo cha USB kinachotuma na kupokea mawimbi hayo) vinatosha. Dongo ichomeke kwenye tundu la USB 2.0 kupitia waya wa kurefusha wa mita 1, kwa sababu matundu ya USB 3.0 huvuruga masafa ya 2.4 GHz. Chaneli ichague mwanzoni kabisa. Ruta ya Wi-Fi ikiwa chaneli 1, Zigbee iweke 25. Ukiibadilisha baadaye, vifaa vingine itabidi uviunganishe tena.

Anza na vinavyokula umeme wa ukutani, kuanzia vilivyo karibu na dongo, maana ndivyo vinavyopokezana mawimbi. Vihisi (sensor) vya betri viwe vya mwisho. Kwa nyumba za mlimani hapa Mwanza, Bugando au Isamilo, jiwe kubwa kati ya nyumba na geti huzuia mawimbi. Weka soketi ya Zigbee pembeni mwa jiwe, mahali panapoonana na nyumba na geti pia.

Mfumo usiuweke kwenye kadi ya memori. Umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandikwa, huharibika. Tumia SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) na UPS ndogo (betri ya akiba umeme ukikatika), na nakala ya akiba uihifadhi kwenye kompyuta nyingine.