Chama chako kimehama misingi yake au la? Pima hivi

Hapa Mbeya, uchaguzi ukikaribia pita Kabwe au Mwanjelwa, hukosi watu wanabishana kwamba chama flani siyo kile cha zamani, na ubishi unaishia hewani maana hakuna aliyeshika maandishi. We anza na maandishi. Tafuta katiba ya chama, siyo ilani, ilani ni ahadi za miaka mitano tu. Kwa CCM fungua ahadi za mwanachama utakuta rushwa ni adui wa haki, cheo ni dhamana, na kwenye imani bado wameandika ujamaa na kujitegemea.

Ukishajua hayo angalia chama kilikata kona lini. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kula mishahara miwili au kuwa na nyumba za kupangisha, halafu 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Zanzibar ikalegeza hayo masharti. Sasa hapa ndo pa kutuliza kichwa, maana kubadilika siyo kosa, dunia inabadilika na chama kina haki ya kukaa kikao kikaamua upya, ila kama uamuzi ulipita na wanachama wa kawaida huku chini hawakuelezwa vizuri, na maneno ya zamani yakaachwa palepale kwenye katiba, basi kwangu mimi huko ni kuhama, na nakuona kubaya kuliko kufuta neno waziwazi.

Usipime chama usichokipenda tu. Chadema walipiga kelele sana za ufisadi, Lowassa wa CCM akajiuzulu uwaziri mkuu 2008 kwa sakata la Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, 2015 Chadema haohao wakamsimamisha agombee urais na Dk. Slaa, katibu mkuu wao, akaondoka. Waliomtetea walisema hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na ni kweli, hoja hiyo nayo iandike.

Baada ya hapo shuka kwenye kata yako, huko hakuna pa kujificha. Chama chenye jembe kwenye bendera kipime kwa lumbesa. Nenda Uyole msimu wa viazi uone gunia lilivyojazwa likapita mdomo likashonewa kamba juu mpaka limefura, na mkulima analipwa bei ya gunia moja wakati sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Muulize diwani lini mara ya mwisho amelisemea hilo kwenye baraza la madiwani, mwombe na muhtasari wa kikao, usikubali jibu la mdomo. Uliza pia kura za maoni za ndani ya chama zilikwendaje, aliyeshinda ndo aliyepitishwa au jina lilibadilishwa juu, na kama lilibadilishwa sababu ilisomwa wapi.

Majibu yote yapange pembeni ya ibara husika ya katiba, halafu peleka swali lako kwa maandishi kwenye mkutano wa tawi, ibara na mfano mmoja vinatosha, na hakikisha katibu analiingiza kwenye muhtasari kabla hamjatawanyika.