Jinsi ya kuhakiki boksi la sanamu mbili za bunilizi ya kisayansi

Anayenunua boksi lenye sanamu mbili, zile ndogo za plastiki za wahusika zenye viungo vinavyokunjika, ana swali ambalo mnunuzi wa sanamu moja hana: zote mbili zinastahili pesa, au moja imekuja kuisindikiza nyingine? Uhakiki wa boksi la namna hii unapaswa kujibu hilo kabla ya kingine chochote. Chanzo cha swali kiko kiwandani. Kalibu za chuma za kuundia plastiki hugharimu pesa nyingi, kwa hiyo ni kawaida boksi kuwa na mhusika mmoja aliyechongwa upya, na mwingine ambaye kiwiliwili chake kilishauzwa kwa sura nyingine, kikabadilishwa rangi na kuwekewa kichwa kipya. Si dhambi, ila msomaji aambiwe ni yupi.

Kabla ya mkasi

Andaa rula ya chuma au kalipa, mkasi mdogo, kibano, draya ya nywele, kioo cha kukuzia, taa mbili zinazofanana na trei nyeupe yenye kingo. Trei si pambo: antena ya milimita 8 ikiruka kutoka kwenye kifungashio na kuingia zuliani, uhakiki wako umepungua kifaa kimoja.

Piga picha pande zote sita za boksi likiwa bado limefungwa. Andika jina la toleo, mtengenezaji, skeli (uwiano wa sanamu na ukubwa halisi wa mhusika), na namba iliyopigwa muhuri chini ya boksi au kwenye ukingo wake, maana hiyo mara nyingi ndiyo humsaidia mtu kujua kama nakala yake imetoka mkupuo mmoja na yako.

Mwaka 2019 kampuni ya vinyago ya Hasbro ilitangaza kwamba itaondoa plastiki kwenye vifungashio vya bidhaa zake mpya, na maboksi yasiyo na dirisha la kuonyesha sanamu yakaenea kwenye mistari yake ya sanamu, kabla ya madirisha kuanza kurudi. Kama boksi lako halina dirisha, mnunuzi hana namna ya kuchagua uso uliopakwa rangi vizuri dukani, na kwa hiyo picha zako za nyuso zinabeba uzito mkubwa zaidi. Weka nyingi.

Ukifungua, kata vifungo upande wa nyuma wa trei, usivivute kwa mbele. Kisha angalia vitu vyembamba: mitutu, antena, panga, pindo za joho. Vikiwa vimepinda, ni kwa sababu plastiki laini imekandamizwa kwa miezi. Vichovye kwenye maji ya nyuzijoto 70 hivi kwa dakika moja, vinyooshe, halafu tia kwenye maji baridi vikiwa bado umevishika. Andika mambo yote mawili: kwamba vilifika vimepinda, na kama vilinyooka na kubaki hivyo kesho yake.

Kuna nini, na ni cha nani

Panga vifaa vyote kwenye trei katika mafungu mawili, kila fungu na mwenyewe. Hapa ndipo maboksi ya wawili hudanganya bila kusema uongo. Boksi linaweza kuandikwa kwamba lina vifaa 8, kumbe 6 ni vya mmoja na mwenzake amepewa bastola mbili ambazo vidole vyake haviwezi kuzishika. Jaribu kila kifaa kwenye kila mkono. Je, kidole kinaingia kwenye kifyatulio? Bastola inaingia kwenye ala, na ikiingia, inabaki ukiigeuza sanamu kichwa chini? Kifaa kisichokuwa mkononi kinakaa wapi? Kama hakina pa kukaa, kitaishia kwenye droo.

Urefu na kalibu

Pima kila sanamu kutoka unyayo hadi utosi, imenyooka, bila helmeti. Hesabu ni rahisi: mtu wa sentimita 180 anakuwa sentimita 15 katika skeli ya 1:12, sentimita 10 katika 1:18 na sentimita 30 katika 1:6. Lakini katika jozi, tofauti kati ya wawili ina maana kuliko urefu wa kila mmoja. Ikiwa kwenye hadithi rubani anamzidi mwenzake kwa sentimita 20, basi katika 1:12 tofauti iwe karibu sentimita 1.7. Ukikuta wako sawasawa hadi mabegani, shuku kiwiliwili kimoja.

Kuthibitisha, zilaze kifudifudi bega kwa bega. Linganisha mikunjo ya nguo, umbo la kiganja, mahali pini zilipopita kwenye goti, na mshono wa kalibu unaoshuka ubavuni. Kisha tafuta maandishi yaliyochongwa mgongoni, nyuma ya paja au chini ya unyayo. Mwaka ulioandikwa hapo ni wa haki za mchongo, si mwaka wa kutengenezwa, na watu wengi hukosea hapo. Sanamu za kwanza za filamu ya Star Wars kutoka kampuni ya Kenner, zilizoingia madukani 1978, zimechongwa 1977, na ziliendelea kuuzwa miaka kadhaa zikiwa na mwaka huohuo. Kwa mhakiki, tarehe hiyo ni msaada: sanamu mbili za boksi moja zenye miaka tofauti zinakwambia zenyewe ipi ni ya zamani.

Viungo

Usianze kwa kukunja. Anza kwa kutazama kila kiungo na kutaja aina yake: gololi, bawaba moja, bawaba mbili, au mzunguko tu. Idadi ya viungo inayotajwa kwenye tangazo haina thamani kubwa. Sanamu yenye viungo 24 ambayo bamba la bega linazuia mkono usipande inashindwa na yenye 16 iliyopangwa kwa akili.

Kiungo kilichoganda ni cha kuheshimiwa. Mara nyingi rangi imeshikanisha pande mbili, au sehemu ziliunganishwa rangi haijakauka sawasawa. Pasha kwa draya kwa sekunde 20 hadi 30, ukiisogeza muda wote, kisha sukuma kidogo huku na kidogo huku, bila kuzungusha. Angalia pini yenyewe wala si mkono: kama plastiki laini ya mkono inajipinda huku pini haisogei, acha mara moja, pasha tena. Ukiendelea, pini itasokoteka, iwe nyeupe, na siku nyingine itakatika. Roboti na wahusika wa mwanga wanaotengenezwa kwa plastiki angavu wanahitaji tahadhari zaidi, kwani plastiki hiyo ni ngumu na hupasuka kuzunguka pini bila dalili ya mapema. Sanamu yenye betri au stika isiingizwe kwenye maji ya moto.

Ukishalegeza vyote, panda kutoka kifundo cha mguu hadi shingo. Piga picha ya ubavuni ya kila kiungo kikiwa kimekunjwa hadi mwisho, na pima pembe kwenye picha. Andika pia kinachozuia. Kuandika kwamba "nyonga hazifungui vizuri" hakumsaidii mtu. Msaada ni huu: "Mguu unapanda mbele hadi nyuzi 70, kisha unagonga sketi ya plastiki ngumu, ukiiondoa sketi unafika 90, kwa hiyo rubani anakaa kwenye kiti cha chombo chake akiwa bila sketi tu."

Halafu majaribio mawili ya subira. La kwanza, mpe kila mmoja kifaa chake kizito zaidi, nyoosha mkono sambamba na meza, acha saa nzima. Mkono ukishuka, kiungo ni legevu. La pili, zisimamishe bila stendi usiku kucha, zikiwa na mikoba yao ya mgongoni. Vifundo vya PVC, yaani aina ya plastiki, vikiwa laini huinama taratibu chini ya uzito, hasa chumba kikiwa na joto, na hilo huwezi kuliona kwa dakika kumi za mezani. Jozi iliyotengenezwa kupigana au kukumbatiana ijaribiwe hivyo pia. Kama mmoja hawezi kumshika mwenzake begani, sababu ya kuuzwa pamoja imepungua.

Kasoro ya nakala na kasoro ya muundo

Kosa linaloharibu uhakiki mwingi ni kuchanganya hizi mbili. Doa la rangi jichoni, au sanamu iliyofungwa miguu miwili ya kushoto, ni ajali ya nakala moja. Kichwa kisichoweza kutazama juu kwa sababu kola imechongwa ndefu ni muundo, na kila mnunuzi ataupata. Linganisha na picha za nakala za watu wengine kabla ya kuhukumu: inayojirudia kila mahali iseme kwa nguvu, isiyojirudia itaje kama ya nakala yako. Katika boksi la wawili hata ajali ina uzito wa ziada. Nafasi za kukutana na kasoro ni mbili badala ya moja, na kwa kawaida dukani hurudishi sanamu moja, unarudisha boksi zima.

Rangi

Tumia kioo cha kukuzia, lakini hukumu kwa umbali wa mkono. Nyuso nyingi za kisasa huchapishwa kidijitali, na ukikaribia utaona vitone vidogo. Vitone si kasoro. Kasoro ni uchapishaji uliohama, macho yakakaa juu kidogo au kando ya mboni iliyochongwa, na sanamu ikaonekana kama imeshtuka. Kagua pia shingo na uso: sehemu moja ikiwa plastiki tupu na nyingine imepakwa rangi, ngozi inaweza kuwa za watu wawili. Kwenye silaha na mabamba ya rangi ya fedha, michirizi inayofanana na moshi hutokana na chembe za kung'aa zilizochanganywa ndani ya plastiki wakati inatiririka kwenye kalibu. Kuifuta haiwezekani, kwa hiyo usimshauri mtu kusugua.

Kwa picha, weka taa moja kila upande kwa nyuzi 45 na kamera kwenye tripodi, tundu la lenzi likiwa f/8 hadi f/11 ili wote wawili wawe kwenye fokasi. Ukitumia simu, rudi nyuma na tumia lenzi ya 2× (inayovuta picha mara mbili), kwa sababu lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha vichwa. Katika picha ya kulinganisha urefu, nyayo zote ziwe kwenye mstari mmoja mbele ya kamera. Mmoja akisogea mbele sentimita 3 tu, picha inadanganya.

Bei na hukumu

Usigawe bei kwa mbili. Chukua bei ya boksi, toa bei ya sanamu moja ya mstari huohuo, na kinachobaki ndicho unacholipia ya pili. Jiulize kama ungeinunua kwa kiasi hicho ikiwa peke yake na kalibu yake ya zamani. Jibu hilo liandike juu kabisa ya uhakiki, pamoja na kusema kama boksi ulinunua au ulipewa na mtengenezaji.

Baada ya mwezi, rudi kwenye boksi. Vua joho na mikanda laini, pitisha kidole mabegani na kiunoni. Vilainishi vya PVC huhama na kuacha utando wa kunata au mng'ao kwenye plastiki ngumu, na joho jeusi au jekundu linaweza kutia doa kwenye mabamba meupe. Ukikuta hivyo, ongeza mstari wenye tarehe kwenye uhakiki, na washauri walio nazo waziweke sanamu bila joho zinapokaa muda mrefu.