Namna ya Kumkodi Mpigapicha wa Mbwa au Paka Wako, Hatua kwa Hatua

Wapigapicha wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wanaishi kwa harusi, sendofu na mahafali. Kamera wanazo, flashi wanazo, na jicho wanalo. Tatizo ni kwamba bibi harusi ukimwambia ainue kidevu anainua, mbwa hainui. Ukimchagua mtu kwa ukubwa wa kamera yake unaweza kulipa fedha nzuri ukaletewa picha kumi na tano za mbwa aliyelaza masikio akiangalia geti. Unayemtaka ni mtu mwenye subira ya kungoja na wepesi wa kubonyeza, na sifa hizo mbili unaweza kuzipima kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 1: Amua picha itakaa wapi

Picha ya kuwekwa Instagram na picha ya kutundikwa sebuleni ni kazi mbili tofauti, na bei zake hazilingani. Kuchapisha A3 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kunahitaji faili lenye pikseli 3508 kwa 4961. Kamera ya megapikseli 24 hutoa 6000 kwa 4000, kwa hiyo inatosha mradi picha isikatwe sana. Kama picha zitaishia kwenye simu, usikubali kuuziwa kifurushi cha albamu na fremu.

Chagua pia aina moja kuu ya picha: uso peke yake, mwili mzima, au mnyama pamoja na familia. Anayetaka zote tatu ndani ya saa moja kwa kawaida hapati hata moja iliyotulia, maana mnyama huchoka kabla watoto hawajapangwa.

Hatua ya 2: Omba kazi nzima, si picha bora

Ukurasa wa Instagram unaonyesha picha moja kati ya mia. Mwombe akutumie picha zote alizomkabidhi mteja mmoja, za mnyama mmoja, siku moja. Akisema hana, ina maana hajawahi kuifanya kazi hii. Si kosa, ila bei ishuke na umwombe jaribio fupi kwanza.

Ukizipata, zikuze na uanze na macho. Jicho lililo karibu na kamera lazima liwe kali kabisa, nywele za kope zionekane. Halafu angalia pua. Mbwa mwenye mdomo mrefu akipigwa kwa f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, jicho linakuwa kali na pua inayeyuka kwenye ukungu. Anayejua kazi hulifunga tundu hadi f/4 au zaidi anapopiga uso kwa karibu. Angalia pia kamera ilikuwa kimo gani. Zote zikiwa zimepigwa kutoka juu, mpigapicha hakutaka kuchafua suruali.

Kipimo kikali kuliko vyote ni mnyama mweusi. Mweusi akiijaza fremu, kamera hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga, manyoya yakatoka ya kijivu. Mweusi huyohuyo akisimama mbele ya anga jeupe, kamera hupunguza mwanga, akabaki doa lisilo na macho. Fundi hurekebisha mwenyewe hali zote mbili. Kama mnyama wako ni mweusi, usimkodi mtu ambaye hana mfano wa mweusi.

Hatua ya 3: Maswali ya kumuuliza kwenye simu

Muulize atakuja na lenzi gani. Jibu zuri ni milimita 85, au 70–200, kwa sababu humwezesha kukaa mbali bila kumbana mnyama. Lenzi ya milimita 24 ikisogezwa karibu hukuza pua na kudumaza masikio. Inachekesha kwa picha moja, si kwa kumi.

Muulize kuhusu flashi. Flashi ya moja kwa moja hufanya macho yang'ae kijani au manjano, kwa kuwa nyuma ya jicho la mbwa na paka kuna tabaka linalorudisha mwanga. Anayejua atakwambia anaielekeza darini au ukutani, au haitumii kabisa.

Muulize kama hana shida kukaa karibu na mbwa. Hili usilionee haya, hasa ukanda wa Pwani: Waislamu wengi huepuka kuguswa na mate ya mbwa, na wengine wanaogopa mbwa tu. Mtu aliyejikunyata hawezi kulala chini na kamera. Huyohuyo anaweza kuwa hodari sana kwa paka.

Mwisho, muulize atafanya nini mnyama akigoma. Akisema "tutamshika", shukuru na ukate simu. Jibu unalolitaka ni kwamba atasimama, atampumzisha, na ikibidi atarudi siku nyingine.

Hatua ya 4: Yaandikeni

Ujumbe wa WhatsApp unatosha, mradi kila kitu kiandikwe na yeye ajibu kuwa amekubali. Uandike muda wa kazi (dakika 60 hadi 90 zinatosha kwa mnyama mmoja), idadi ya picha zilizohaririwa (10 hadi 15 ni kiasi cha haki), siku ya kukabidhi, na mpangilio wa malipo. Nusu kabla na nusu baada ya kupokea ni desturi ya kawaida. Anayetaka yote kabla hajaja, mwache.

Watu husahau vipengele vinne, na ugomvi huzuka hapohapo:

– Mvua ikinyesha nani anabeba gharama? Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, weka siku ya akiba tangu mwanzo.
– Mbwa akikojolea pazia la studio nani analipa?
– Picha ni za nani? Andika wazi kama anaruhusiwa kuzitumia kwa matangazo yake. Kwa mbwa wa ulinzi, kataza picha zinazoonyesha geti, kufuli na ukuta wa nyumba yako.
– Kufuta kamba ya mbwa kwenye picha kumo ndani ya bei au kunalipiwa kando?

Faili mbichi za kamera usizidai. Wengi hawazitoi, na bila programu ya kuhariri hazina kazi kwako.

Hatua ya 5: Mahali na saa

Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda haraka. Mwanga mzuri unaanza kama saa 12 na nusu asubuhi na saa 2 umeshakuwa mkali. Jioni ni saa 11 hadi saa 12 na robo hivi. Saa 6 mchana jua liko utosini, macho yanajaa kivuli na sakafu ya saruji inaunguza nyayo. Weka kiganja chako chini kwa sekunde saba. Ukishindwa, na mbwa ameshindwa. Mbwa wa pua fupi kama pagi usimtoe kabisa mchana wa Dar.

Msitu wa Karura jijini Nairobi unaruhusu mbwa aliyefungwa kamba, lakini ulizia mapema masharti ya kupiga picha za kulipia. Ufukwe unapendeza asubuhi kabla watu hawajajaa. Hata hivyo, kwa mnyama mwoga hakuna studio inayoishinda baraza ya nyumbani kwenye kivuli. Tahadhari moja: mbwa mweupe juu ya nyasi hupata ukijani chini ya kidevu, na mkanda mwekundu humpaka wekundu shingoni. Tumia sakafu au mchanga, na mkanda wa ngozi ya kahawia.

Hatua ya 6: Mwandae mnyama

Mwogeshe siku mbili kabla, si asubuhi ileile. Manyoya yaliyotoka kuoshwa husimama ovyo. Siku yenyewe pitisha brashi, futa tongotongo kwa pamba yenye maji. Hakikisha kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati, kwa kuwa mgeni atalala chini usawa wa mdomo wake.

Mbwa aliyekomaa mcheleweshee mlo kidogo ili vitafunio vya kumzawadia viwe na thamani. Chemsha maini, yakate vipande vya ukubwa wa punje ya maharage, yakauke. Vipande vikubwa humfanya atafune muda mrefu na kila picha inatoka na taya limepinda. Mtembeze dakika 20, kisha apumzike kivulini mpaka aache kuhema.

Mbwa wa ulinzi anayekesha usimpangie asubuhi baada ya lindo. Mpangie jioni, na mshika mbwa aliyemzoea awepo.

Hatua ya 7: Siku ya kupiga

Dakika kumi za kwanza kamera ikae begini. Mpigapicha aingie, aketi chini, asimkodolee mnyama macho, aache anuswe. Lenzi kubwa kwa mbwa ni jicho linalomtazama bila kupepesa, ndiyo maana mbwa mpole huweza kuguna.

Kamba iwe nyembamba, imeshikwa juu ya shingo na si mbele ya kifua. Baada ya kila pozi, mbwa aondolewe na ipigwe picha moja ya mahali patupu, kamera ikiwa palepale. Kipande hicho ndicho atakachotumia kufunika kamba. Bila hicho, kazi ya dakika tano inakuwa ya saa nzima.

Anayeita awe mmoja tu, amesimama nyuma ya kichwa cha mpigapicha. Nyumba nzima ikipaza sauti "Simba! Simba!" mbwa hageuki tena. Tumia sauti ngeni, mfano mfuko wa nailoni au mdoli unaolia, na isizidi mara tatu au nne, kwani ikizoeleka haina nguvu. Masikio husimama kwa sekunde moja au mbili. Kwa hiyo mpigapicha aseme "tayari" kwanza, ndipo sauti itoke. Kasi ya kamera ya 1/500 ya sekunde inafaa kwa aliyetulia. Anayekimbia anahitaji 1/1000 au zaidi.

Paka apigwe nyumbani siku zote. Funga chumba, ziba uvungu wa kitanda, acha begi la kamera sakafuni alinuse. Mweke pembeni ya dirisha, si kulitazama jua, maana mboni zake zitakuwa vijistari vyembamba. Akikimbilia kabatini, hesabu nusu saa, na usimtoe kwa mkono.

Hatua ya 8: Kupokea na kumalizia malipo

Usikague kazi kwa picha alizokutumia WhatsApp kwa njia ya kawaida. Programu huziminya, kwenye simu zinapendeza na kwenye A3 zinavunjika. Mdai kiungo cha Google Drive au azitume kama dokumenti. Fungua kila faili, soma ukubwa wake kwa pikseli, kuza macho, tafuta mabaki ya kamba shingoni. Marekebisho yaombe yote kwa mkupuo mmoja, kisha umalizie malipo.

Kabla ya kuchapisha kubwa, chapisha A5 moja dukani palepale utakapochapishia. Mnyama mweusi karibu kila mara hutoka mweusi zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo cha simu. Mwambie mpigapicha akuandalie faili la pili lililoongezwa mwanga kidogo kwenye manyoya, na hilo ndilo upeleke kwa mchapaji.