Foleni ya malori kiwandani: ijaribu kwenye kompyuta kabla ya kununua mkanda wa tatu

Malori yakijipanga nje ya geti la kiwanda cha saruji tangu alfajiri, wazo la kwanza kikaoni huwa ni kununua: mkanda mwingine wa kupakia, au mzani wa pili. Pengine kweli vinahitajika. Lakini mtambo ukishasimikwa haurudi dukani, na wanaoumia kwa uamuzi mbaya ni dereva na utingo wake wanaolala chini ya lori wakingoja kuitwa. Uigaji wa kompyuta unakuruhusu kuuendesha uwanja mzima mara mia kabla hujachimba msingi.

Utahitaji Python na SimPy, maktaba yake ya bure ya uigaji. Ukiwa umewahi kuandika programu ndogo ya Python, inatosha.

Hatua ya 1: Fuata lori moja

Acha kompyuta ofisini. Simama getini, chagua lori moja, ulifuate mpaka litoke. Linapanda mzani likiwa tupu. Linakwenda chini ya mkanda, makuli wanapanga mifuko. Linarudi mzanini likiwa na mzigo, dereva anachukua karatasi, wanafunga turubai, wanaondoka. Angalia kwamba mzani ni uleule, kuingia na kutoka. Jambo hilo litatusumbua baadaye.

Kila lori linaposimama, uliza linasubiri nini hasa. Lori lililo chini ya mkanda bila mfuko kushuka huenda linasubiri hati kutoka ofisi ya mauzo, na hapo mkanda wa tatu hausaidii kitu.

Hatua ya 2: Pima muda wa kazi, si muda wa kusubiri

Hapa ndipo modeli nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka. Tiketi za mzani zina saa ya kuingia na saa ya kutoka, na kishawishi ni kutoa moja kwa nyingine ukasema umepata muda wa kupakia. Hujaupata. Ndani yake kuna foleni ya mkanda, kupakia kwenyewe, na foleni ya kurudi mzanini. Ukiingiza namba hiyo kwenye modeli, kompyuta itaongeza foleni yake juu ya foleni uliyoipima, na utaona uwanja mbaya kuliko ulivyo.

Chukua saa na daftari, ukae mkandani. Andika mfuko wa kwanza umeshuka saa ngapi na wa mwisho saa ngapi. Lori la tani 30 ni mifuko 600 ya kilo 50; zamu moja italimaliza upesi, nyingine itachelewa kwa sababu mifuko imepasuka au makuli ni wachache. Tofauti hizo zihifadhi zote. Usizigeuze kuwa wastani mmoja, kwa sababu foleni inazaliwa na kupishana kwa muda. Kama malori yangefika kwa mpangilio na kupakiwa kwa dakika zilezile, uwanja ungekuwa mtulivu. Daftari la geti nalo lichunguze: saa zote zikiishia na robo au nusu, karani anakadiria.

Hatua ya 3: Hesabu ya karatasi

Tuchukue mfano: lori hufika kila baada ya dakika 16 kwa wastani, kupanda mzani ni dakika 5, kupakia ni dakika 27, na mikanda ni miwili. Mzani unatumika dakika 10 kwa kila lori, yaani takriban asilimia 63 ya muda. Mikanda inatumika asilimia 84. Kwa macho ya meneja, nafasi bado ipo.

Lakini kwa foleni ya mhudumu mmoja ambapo kufika na kuhudumiwa hakutabiriki, kanuni inayojulikana inaonyesha kwamba mhudumu akitumika asilimia 80, kusubiri kwa wastani ni mara 4 ya muda wa huduma. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Hesabu za aina hii zina asili yake Copenhagen, ambako Agner Krarup Erlang alichapisha kazi yake juu ya simu mwaka 1909. Ni nzuri mno kwa foleni rahisi. Kwa lori linalorudi mzani uleule huku likibanana na yanayoingia, kanuni hizo hazitoshi, ndiyo maana tunaiga.

Hatua ya 4: Andika modeli

MZANI na KUPAKIA ni orodha za dakika ulizopima hatua ya 2, weka zako.

```
import random, simpy

MZANI = [4, 4, 5, 5, 7]
KUPAKIA = [21, 23, 25, 28, 38]

def lori(env, mzani, mkanda, muda):
    kufika = env.now
    with mzani.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(random.choice(MZANI))
    with mkanda.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(random.choice(KUPAKIA))
    with mzani.request() as zamu:
        yield zamu
        yield env.timeout(random.choice(MZANI))
    muda.append(env.now - kufika)

def geti(env, mzani, mkanda, muda):
    while True:
        yield env.timeout(random.expovariate(1/16))
        env.process(lori(env, mzani, mkanda, muda))

env = simpy.Environment()
mzani = simpy.Resource(env, capacity=1)
mkanda = simpy.Resource(env, capacity=2)
muda = []
env.process(geti(env, mzani, mkanda, muda))
env.run(until=600)
```

Dakika 600 ni saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni. Modeli hii inaanza na uwanja mtupu. Kama malori yamelala nje ya geti, yaingize yote dakika ya sifuri. Pia, lori lililobaki ndani saa 10 jioni halimo kwenye orodha ya muda, na mara nyingi hayo ndiyo yaliyosubiri sana. Yahesabu kando.

Hatua ya 5: Hakikisha inafanana na uwanja

Tumia kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961: wastani wa malori yaliyomo ni kasi ya kufika mara muda wa kukaa. Yakifika 3.75 kwa saa na kila moja likakaa saa 2, uwanjani na kwenye foleni yanapaswa kuwa 7 au 8. Toka nje uhesabu, nyakati tofauti za siku. Ukikuta 15, rudi hatua ya 1. Kuna kusubiri ambako hukukuona.

Msimamizi wa zamu aione modeli mapema. Atakwambia upesi kwamba mvua ikinyesha hakupakiwi, au kwamba Ijumaa mchana kazi husimama kwa ajili ya swala.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kwa wakati

Anza na lisilo na gharama. Badala ya Resource, mzani uwe PriorityResource, kisha malori yenye mzigo yapewe priority=0 na matupu priority=1; namba ndogo hutangulia. Lakini kwanza iga uwanja finyu, ambapo lori lililopakiwa halina pa kuegesha na linabaki chini ya mkanda mpaka mzani upatikane. Andika mkanda uachiwe pale tu lori linapoushika mzani. Katika uwanja wa namna hiyo, kila lori tupu linalopishwa mzanini linaweza kuwa linazuia mkanda. Na kama tupu lililokwisha kupimwa nalo halina pa kusogea mpaka mkanda upatikane, mkwamo ni kamili: lenye mzigo linangoja mzani, tupu lililo juu ya mzani linangoja mkanda. Hapo nafasi mbili za kuegesha kati ya mzani na mkanda huenda zikawa na thamani kuliko mtambo mzima, nazo zijaribu.

Kisha jaribu mkanda wa tatu. Mikanda miwili inamaliza malori 4.4 kwa saa, mitatu 6.7, lakini mzani wenyewe unaishia malori 6. Kiwanda kikipanga kukua kupita hapo, panapobana patahamia mzanini, na ombi la fedha liseme hivyo tangu mwanzo.

Kila chaguo liendeshe siku 200 za kuigiza, ukibadilisha random.seed (mbegu, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta) kila siku na kutumia mbegu zilezile kwa machaguo yote. Siku moja haithibitishi kitu. Kwenye ripoti usiweke wastani peke yake. Weka pia muda ambao malori 9 kati ya 10 hayakuuzidi, maana dereva halali njiani kwa sababu ya wastani.

Chaguo lisilo na gharama likishinda, liendeshe wiki moja uwanjani ukiwa na saa na daftari vilevile vya hatua ya 2, ulinganishe na namba za modeli kabla ya kuomba chochote.