Jinsi ya kuifuatilia mikroRNA kwenye seli ya saratani bila kichwa kuuma

Wadogo zangu wa PCB na CBG mlioko Mtwara na Lindi, na nyie mnaosoma utabibu, hii mada mnaikimbia bure. Shida mnakariri majina ya mikroRNA, miR-21 sijui miR-155, wakati yale ni namba tu hayakwambii chochote, leo unayo kesho yashapotea. Chukua karatasi na kalamu tufuate alama za kupanda na kushuka.

Kwanza ujue kazi yake. Aliyekulia kwenye korosho anaujua mfumo wa stakabadhi ghalani, bila karatasi mzigo hautoki hata ghala lijae mpaka mlangoni. RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayopeleka maagizo ya kutengeneza protini, ndo hiyo karatasi, na mikroRNA ni kipande kifupi cha nyukleotidi (herufi za RNA) kama 22 kinachoidaka njiani, yaani jeni ipo, nakala ishatolewa, ila protini haitoki au inatoka kidogo. Inabebwa na protini iitwayo Agonauti na inatambua shabaha kwa herufi zake za mwanzo tu, ya 2 mpaka ya 8, ndo maana moja inaweza kubana RNA mjumbe nyingi kwa mpigo. Waliogundua ya kwanza kwenye mnyoo mdogo mwaka 1993 ni Ambros na Ruvkun, Nobel wakaipata 2024, basi, historia inatosha.

Sasa andika: mikroRNA, mstari wa kuzuia, jina la protini. Halafu jiulize kwenye uvimbe hiyo mikroRNA imepanda au imeshuka? Ikishuka protini inapanda, ikipanda protini inashuka. Mwisho uliza hiyo protini inasukuma ukuaji au inauzuia. Ndo hivyo tu, wengi wanakosea kwa sababu wanaruka swali la katikati.

Tuanze na sukari maana hapo ndo kuna utamu wenyewe. Otto Warburg aliona miaka ya 1920 kwamba seli za saratani zinafakamia glukosi na kuigeuza asidi ya laktiki hata kama oksijeni ipo ya kutosha. Ukihesabu ATP, sarafu ya nguvu ya seli, unaona hasara, glukosi moja kwa njia hiyo inakupa 2 wakati ikipitia mitokondria, mitambo ya nguvu ya seli, unapata karibu 30, sasa kwa nini seli ifanye hivyo? Kwa sababu seli inayogawanyika haitaki nguvu peke yake, inataka malighafi ya kutengenezea DNA na mafuta ya utando, na vipande vya glukosi vinatumika humo humo. Mlango wa kuingilia ni kimeng'enya heksokinesi 2, kinaipachika glukosi fosfeti isitoke tena ndani ya seli. Anayekibana ni miR-143, na kwenye uvimbe mwingi miR-143 imeshuka, kwahiyo heksokinesi inapanda na sukari inaingia kwa fujo. Kwenye seli za saratani ya matiti kuna hatua ya ziada, miR-155 inapanda, inabana protini inayosaidia miR-143 kutengenezwa, matokeo ni yale yale. Chora huo mnyororo wote, usiishie kuusoma.

Glutamini, asidi amino, nayo ni chakula. Myc, protini inayosukuma ukuaji, inazishusha miR-23a na miR-23b, kimeng'enya glutaminesi kinapanda, glutamini inavunjwa na kuingia mitokondria. Oksijeni ikipungua, HIF-1, protini inayoamka oksijeni ikiwa chache, inapandisha miR-210 inayobana ISCU, protini inayohitajika mitokondria ipumue, hivyo mitokondria inapunguza kupumua. Kwenye ukuaji, mikroRNA iitwayo let-7 inabana RAS, protini inayosukuma ukuaji, let-7 ikishuka RAS inapanda. miR-21 ni kinyume chake, imepanda, na inayemkaba ni PTEN ambaye kazi yake ni kuzuia protini AKT, na AKT ikiachiwa inasukuma mgawanyiko na kuvuta glukosi kwa wakati mmoja, kwahiyo msitenganishe ulaji na ukuaji kama mada mbili.

Angalia pia ni tishu gani, maana mikroRNA ileile inaweza kuzuia uvimbe huku na kuusaidia kule. Na anayekuuzia maji ya kurekebisha mikroRNA mpite tu, dawa ya MRX34 iliyoiga miR-34a ilisimamishwa kwenye majaribio mwaka 2016 kwa madhara makubwa ya kinga. Ndugu zetu wanaopelekwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, wanatibiwa kwa mionzi na kemo, sio kwa hii. Kuacha sukari kabisa nako hakuui uvimbe kwa njaa, ini linatengeneza glukosi lenyewe.

Zoezi: p53, protini inayozuia uvimbe, inapandisha miR-34a, miR-34a inabana LDHA, kimeng'enya cha kutengeneza laktiki. Kwenye uvimbe ambao p53 imeharibika, laktiki inaenda wapi? Ukipata inapungua, rudi uhesabu alama upya.