Kabla hujavaa koti la zimamoto, pima mapafu yako

Pima mapafu kabla ya moto wako wa kwanza, kile kipimo cha kupuliza kwa nguvu, na nakala ya majibu ikae nyumbani kwako. Bila hiyo, miaka kumi baadaye utabishana na daktari huna cha kumwonyesha. Sigara acha. Ndevu nyoa, maana barakoa haibani juu yake. Geji ya mtungi wa hewa iangalie kila unapoingia zamu: wa lita 6 uliojazwa hadi baa 300 una lita 1,800 za hewa, na anayepandisha mpira wa maji ngazini anaweza kuzimaliza kwa nusu saa.

Haya yote mtafundishwa. Hili la baada ya moto ndilo watu hulipuuza.

Tulizima ghala la magodoro, Dar, jua la saa nane. Ndimi za moto zimekwisha, imebaki kupekua mabaki. Mwenzetu akavua barakoa ikaning'inia shingoni, akashika koleo, akaanza kupindua magodoro yanayofuka. Hakuna aliyemkataza, mkubwa wetu naye alishavua. Jioni kichwa kinampasuka, anatapika. Zahanati wakambana kile kidude cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, kikasoma asilimia 98, kana kwamba ni mzima, akapewa dawa za maumivu akarudi kwake. Kidude kile husoma rangi ya damu tu. Damu iliyobeba kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, nayo ni nyekundu, kwa hiyo kinaihesabu kama imebeba oksijeni, ilhali gesi hiyo huing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Sponji ya magodoro inayofuka huongeza na sumu ya sianidi. Usiku mkewe akamwamsha, akaona anajibu ovyo, akamkimbiza hospitali kubwa wakamwekea oksijeni. Kichwa kilipona. Kifua bado: ghorofa ya pili hafiki bila kusimama, mkono ukutani.

Basi kabla ya kutoka kituoni mkubaliane nani atasimamia barakoa wakati wa kupekua. Ukijisikia vibaya, mwambie daktari ulikuwa kwenye moshi, na uombe damu ipimwe kaboni monoksaidi.

Msiseme ni maneno ya wazee. Wazimamoto wa New York waliofanya kazi kwenye vifusi vya minara iliyoangushwa Septemba 2001, ndani ya mwaka mmoja walipoteza kwa wastani nguvu ya mapafu ambayo umri ungeichukua kwa miaka 12. Na mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kazi hii kundi la kwanza, la visababishi vya saratani vilivyothibitika.

Koti lenye masizi lisipande gari la familia. Kikohozi kikivuka wiki mbili, pima na kifua kikuu, usikubali kuambiwa ni vumbi. Andika daftarini tarehe ya kila moto, ulikuwa wapi na kiliungua nini; siku ya kwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kumbukumbu ya kichwani haitatosha. Na jiko la mkaa, jamani, litoeni nje ya nyumba, nalo hutoa kaboni monoksaidi ileile.